"Request" au "request for"? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu wa Nairobi anayeandika kwa Kiingereza kwa sababu kazi au haja imemlazimu: barua ya likizo, ombi la basari, kumbukumbu za chama, malalamiko kwa mwenye nyumba, ripoti ya mradi. Maswali mengi yanahusu neno moja, "request", na kihusishi kimoja, "for", kwa kuwa ndipo kalamu ya msahihishaji hutua mara nyingi. Yaliyobaki yanahusu maneno yenye tabia ya aina hiyo.

Kwa kifupi, ni "request" au ni "request for"?

Yote mawili ni sahihi, kila moja mahali pake. Neno hili likiwa nomino, yaani ombi, huandamana na "for": "my request for leave". Likiwa kitenzi, yaani kuomba, halitaki kihusishi chochote kati yake na kitu kinachoombwa: "I request leave". Kwa hiyo "I request for leave" ni kosa. "I am requesting for leave" na "the leave I requested for" ni kosa lile lile katika nyakati nyingine.

Nitajuaje kama ni nomino au kitenzi? Mbona umbo ni moja?

Tazama neno linalotangulia. Ukiona "a", "the", "my", "your", "this" au "any", hiyo ni nomino na "for" inakaribishwa. Ukiona "I", "we", "to", "must" au "would like to", hicho ni kitenzi na "for" haina kazi. "Requested" baada ya mtendaji, na "requesting" baada ya "am" au "are", ni vitenzi daima.

Umbo linalotatiza ni "requests", kwa sababu linaweza kuwa wingi wa nomino au kitenzi cha nafsi ya tatu. Linganisha: "The tenant requests a receipt" na "The tenant's requests for a receipt were ignored". Katika ya kwanza mpangaji anaomba, katika ya pili yanazungumziwa maombi yake. Ukikwama, jiulize ni nani anatenda na anatenda nini. Kama jibu la "anatenda nini" ni neno hilo lenyewe, ondoa "for".

Kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi kwa sababu hakihitaji istilahi. Igeuze sentensi ili kile kinachoombwa kije mwanzo: "Leave was requested." Imesimama vizuri bila kihusishi, maana yake kitenzi hakikukihitaji tangu awali. Sasa fanya hivyo kwa "ask for": "Leave was asked for." Hapa "for" imeng'ang'ania hadi mwisho. "Ask" inaitaka, "request" haiitaki.

Mwalimu, kichwa cha barua yangu kinasema "RE: REQUEST FOR LEAVE". Mbona sentensi ya kwanza isiseme vivyo hivyo?

Swali zuri, na nadhani ndilo chimbuko la makosa mengi tunayoyaona katika barua za ofisini. Kichwa hicho ni sahihi kabisa. Hakina kitenzi ndani yake, ni jina la jambo: ombi la likizo. Tatizo huanza mwandishi anaposhuka mstari mmoja akiwa bado anasikia kichwa kile masikioni, akaandika "I hereby request for leave". Maneno yamenakiliwa lakini kazi yake imebadilika, maana sasa kuna mtu anayeomba.

Nairobi macho yetu yamezoea mno umbo la nomino. Fungua gazeti ukurasa wa zabuni utakuta "Request for Proposals" na "Request for Quotations". Zote mbili ni njia za ununuzi zilizotajwa katika sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, na zote ni nomino. Mafundi wa mitandao wana "Requests for Comments", mfululizo wa nyaraka za kiufundi kuhusu intaneti ulioanza Aprili 1969. Nazo ni nomino. (Wingi hapo hukaa kwenye "requests", ndilo neno linalohesabiwa, si mwishoni mwa fungu zima.) Mtu anayekutana na "request for" kila wiki akilisoma kama fungu moja lisilogawanyika, haishangazi akilibeba zima zima hadi kwenye kitenzi.

Barua iliyonyooka inaonekana hivi:

"RE: REQUEST FOR ANNUAL LEAVE

I am writing to request ten days' annual leave from 4 August."

Kichwa kina "for", mwili hauna. Na usisahau ile alama ya kudondosha baada ya "days", ni likizo ya siku kumi.

Si kosa hili linatokana na Kiswahili?

Hapana, ingawa limesemwa sana madarasani kwamba Kiswahili ndicho kinachotuharibia Kiingereza. Katika jambo hili kingetusaidia, laiti tungekisikiliza.

Kwa Kiswahili tunasema "naomba likizo". Kitenzi kinagusa shamirisho moja kwa moja, hakuna neno katikati. Tunaposema jambo hilo kwa nomino, kiunganishi kinajitokeza chenyewe: "ombi *la* likizo". Hakuna Mswahili anayesema "naomba la likizo", wala "ombi likizo". Huo ndio mpangilio wa "I request leave" na "a request for leave". Ukiwa na shaka, iseme sentensi yako kwa Kiswahili polepole. Palipo na "la", "ya" au "wa" baada ya nomino, Kiingereza kitataka "for". Kitenzi kikigusa kitu chake pasi na kitu kati, Kiingereza kitafanya hivyo pia. Hii ni njia ya kukumbuka neno hili na baadhi ya wenzake, si kanuni ya lugha nzima: tunasema "nasikiliza redio" bila kihusishi, lakini Kiingereza kinadai "listen to the radio".

Sasa kosa linatoka wapi? Linatoka ndani ya Kiingereza chenyewe. Vitenzi "ask for" na "apply for" vina maana jirani na "request", navyo vinahitaji "for". Nomino "request" inaihitaji pia. Mwanafunzi aliyezungukwa na mifano hiyo hufanya hesabu ya haki akapata jibu lisilokubalika. Ushahidi mwingine ni kwamba umbo hili hili huonekana Nigeria na India, kwa watu wasiozungumza Kiswahili. Kama Kiswahili ndicho kingekuwa na hatia, wao wangelitoa wapi?

Nimwekeje mtu ninayemwomba?

Kiswahili kinaruhusu mambo mawili pamoja: "namwomba meneja likizo". Kiingereza hakiruhusu "I request the manager leave". Una njia tatu.

Ya kwanza, taja kitu kisha mtu kwa "from": "I request leave from the manager". Ya pili, taja mtu kisha kitendo kwa "to": "I request the manager to approve my leave". Ya tatu, tumia "that": "I request that the manager approve my leave".

Hii ya tatu huwachanganya wengi kwa sababu "approve" haina "s", na programu ya kompyuta hutamani kuiongeza. Iache bila "s". Ni hali ya kutaka jambo litendeke, si kuripoti kwamba linatendeka, kama vile sisi tunavyosema "naomba meneja *aidhinishe*" badala ya "anaidhinisha". Waingereza huandika pia "that the manager should approve", nayo ni sahihi.

Epuka "I request for you to approve". Epuka pia "I request you for help". "For" ya aina hiyo ni ya "ask": "I ask you for help".

Kuna wakati "for" inaweza kufuata kitenzi "request" bila kosa?

Ndiyo, ikiwa "for" hiyo ni ya fungu jingine. "I request two days' leave for my sister's wedding" ni sahihi, kwa sababu kinachoombwa ni likizo, na "for" inaeleza sababu. "The committee requested funds for the borehole" ni sahihi pia. Hata "What did you request for the party?" haina kosa, kwa kuwa kilichoombwa ni "what".

Swali la kujiuliza ni hili: kitu kinachoombwa kiko wapi? Kikiwa ndani ya fungu la "for" lenyewe, futa. Kikiwa mahali pengine katika sentensi, "for" ina haki ya kuwepo. Mwanafunzi anayefundishwa tu kwamba "request for" ni mbaya huishia kufuta hata zilizo sahihi, na hilo linasikitisha kuliko kosa la kwanza.

Na "as requested", "on request", "at the request of"?

Zote ni za kawaida. "As requested" ni "kama ulivyoomba". "On request" husema kitu hutolewa kwa atakayekiomba: "Receipts are available on request". "At the request of" humtaja aliyeomba: "The meeting was moved at the request of the chairlady". Mabango ya "You are requested to..." yako sahihi.

"I kindly request" ni kosa?

Si kosa la sarufi, lakini ukiitafakari, "kindly" inamsifu anayeomba, kwamba anaomba kwa ukarimu. Unachotaka ni ukarimu wa anayeombwa. "I would be grateful if you would..." ina heshima zaidi na haimpi msomaji amri. "I humbly request" inafaa katika barua chache sana. Kwa karani wa kaunti, "I request" tupu ina adabu ya kutosha.

Katika kumbukumbu za chama tunaandika "Members discussed about the loan". Hiyo vipi?

Ondoa "about". "Members discussed the loan." Hili ni jirani wa karibu kabisa wa "request", na kumbukumbu za chama zimejaa mfano wake kwa sababu kitenzi hicho hutumika karibu kila kipengele. Nomino ndiyo inayopenda kihusishi: "a discussion about the loan" au "a discussion on the loan". Kiswahili tena kinaonyesha njia: wanachama *walijadili mkopo*, lakini kulikuwa na *mjadala kuhusu mkopo*. Ukitaka sana kuitumia "about", chukua "talk about" au "speak about", vitenzi vinavyoitaka.

Maneno gani mengine yana tabia hii, kihusishi kwa nomino lakini si kwa kitenzi?

Ni mengi. Nitaje yale yanayopatikana katika maandishi ya kila siku hapa jijini.

"Emphasise" ndilo linalofuata kwa wingi, hasa katika hotuba na ripoti za shule. "The principal emphasised discipline", si "emphasised on discipline". Nomino ndiyo yenye "on": "an emphasis on discipline". "Stress" ni vivyo hivyo.

"Demand": wapangaji "demand water", lakini kuna "a demand for water". "Order": duka "ordered forty chairs", likatuma "an order for forty chairs". "Lack": mtaa "lacks drainage", kuna "a lack of drainage". "Visit": afisa "visited the site", akafanya "a visit to the site". "Answer": mwanafunzi "answered the question", akatoa "an answer to the question".

"Access" nalipenda kwa kuwa mfano wake mzuri umo katika sheria zetu. Kipengele cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari, na sheria iliyotungwa kutekeleza haki hiyo inaitwa "Access to Information Act", ya mwaka 2016. Hapo "access" ni nomino, ndiyo maana ina "to". Ukiandika kwa kitenzi, sema "citizens can access information", si "access to information". Anayeiomba habari hiyo serikalini anawasilisha "a request for information", na katika barua anasema "I request the following information". Sentensi mbili, maneno mawili, tabia moja.

Tazama mfano huu wa barua ya wapangaji, niliotunga kwa mtindo unaofahamika:

"We the tenants of Block C request for the repair of the water pump. We also demand for receipts and would like to discuss about the new rent."

Ukiisafisha:

"We, the tenants of Block C, request the repair of the water pump. We also demand receipts and would like to discuss the new rent."

Vihusishi vitatu vimetoka na madai hayajapungua hata moja. Kwa maoni yangu ya pili ina nguvu kuliko ya kwanza, maana kitenzi kinakamata kitu chake kwa mkono.

"Search the house" na "search for the house": ipi ni sahihi?

Zote, ila zinasema mambo mawili. "The police searched the house" ina maana walipekua ndani ya nyumba. "The police searched for the house" ina maana walikuwa wakiitafuta nyumba yenyewe, pengine hawaijui ilipo. Hapa kihusishi kikikosewa kinabadilisha habari. Anayeandika taarifa kwa wakili au kituoni awe mwangalifu mno na hili.

Vipi vitenzi ambavyo huhitaji kihusishi kweli?

Vipo, na ni hatari kuvipokonya. "Apply for leave" ni sahihi, sawa na "an application for leave". "Apologise for the delay", "an apology for the delay". "Reply to the letter", "a reply to the letter". "Complain about noise", "a complaint about noise". "Wait for the bus" inataka "for", lakini "await the bus" haiitaki.

"Advocate" lina mgogoro. Wengi walifundishwa "advocate reform" bila "for". Siku hizi "advocate for" imeenea, hasa Marekani, na hasa panapotetewa watu: "she advocates for children". Siisahihishi tena inapohusu watu. Inapohusu sera, "advocate a policy" bado ndiyo safi.

Na "comprise": andika "the team comprises five nurses", au "consists of five nurses". Usiandike "comprises of".

Mtoto wangu anajiandaa kwa KCSE. Hili linatahiniwa?

Linaweza kumgusa mara mbili katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza, 101/1. Kuna utungaji wa kiuamilifu, alama 20, unaoweza kuwa barua rasmi, barua pepe au kumbukumbu za mkutano, na humo ndimo "request" na "discuss" hujitokeza zenyewe. Kuna pia kifungu cha kujaza mapengo, alama 10, ambacho mara nyingi hutaka kihusishi mahali fulani. Mfundishe kusoma neno kabla ya pengo *na* neno baada yake. Akiona "their ... for", ajue nomino inakuja. Orodha ya vihusishi ya kukariri haitamfikisha mbali.

Kila mtu Nairobi anasema "request for" na tunaelewana. Kuna ubaya gani?

Katika mazungumzo, hakuna. Mtu akiniambia kwenye foleni ya benki "I want to request for a statement", nimemwelewa na sina la kumrekebisha. Kiingereza chetu kina uhai wake, na kamusi ya Oxford iliongeza mwaka 2022 maneno kadhaa ya Afrika Mashariki. Siamini kwamba lugha ni mali ya Waingereza peke yao.

Lakini maandishi rasmi husomwa na mtu usiyemjua, asiyekuona uso, na mara nyingi anayetafuta sababu ya kupunguza rundo la barua mezani. Mfadhili, mtahini, mhariri au afisa wa ajira anaweza kuwa amefundishwa kuliona kosa hili kabla ya kuona sifa zako. Si haki, lakini hutokea, na dawa yake ni kufuta herufi tatu. Kipengele cha 7 cha Katiba kinataja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, kwa hiyo ofisi ya umma unaweza pia kuiandikia kwa Kiswahili ukapenda. Ukichagua Kiingereza, kiandike kwa namna ambayo haimpi msomaji nafasi ya kukudharau.

Nina ripoti ya kurasa arobaini, inatakiwa kesho asubuhi. Nianzie wapi?

Usitegemee kikagua tahajia: "request" na "for" zote zimeandikwa sawa, kwa hiyo hakitaona kitu. Bonyeza Ctrl na F, kisha tafuta mafungu haya kwa zamu: "requested for", "requesting for", "request for", "discuss about", "discussed about", "emphasise on", "emphasised on", "demanded for", "comprises of". Ukitumia tahajia ya Marekani, tafuta "emphasize" pia.

Anza na "requested for" na "requesting for", kwa kuwa karibu kila utakachokiona kitahitaji kufutiwa "for". Halafu nenda kwenye "request for" ukisoma sentensi nzima kila mara. Usitumie amri ya kubadilisha zote kwa pamoja, maana itaharibu "our request for funding" na vichwa vyote vya zabuni vilivyokuwa sahihi. Ukimaliza, chapisha ukurasa wa kwanza na barua ya utangulizi, uzisome kwa sauti. Hizo mbili ndizo zitakazosomwa kwanza.